Lifti Ilizimwa Jumanne, Mwongoza Wageni Akajua Jumamosi

Jumamosi moja, saa nne na robo asubuhi, mmoja wa waongoza wageni wetu wa kujitolea alifika kwenye lifti ya upande wa kaskazini akiwa na watoto wa shule 22. Mtoto mmoja alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, na njia ile ilikuwa imechaguliwa kwa ajili yake. Lifti ilikuwa imezibwa kwa mbao na kuzungushiwa utepe wa njano na mweusi. Mwongoza wageni huyo alikuwa mwalimu mstaafu, sote tukimwita Mwalimu, na alikuwa amejitolea kwa miaka tisa katika makumbusho yetu ya sanaa, ambayo wakati huo yalikuwa kwenye ukarabati. Alisimama, na watoto nyuma yake wakasimama. Mlinzi aliyekuwa karibu akamsogelea na kumwambia kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie: "Shikamoo, Mwalimu. Hii imezimwa tangu Jumanne. Kwani hawakukuambia?"

Mwalimu aliwageuza watoto, akawapeleka ghorofa ya chini, akawaonyesha sanamu ambazo hakuwa amejiandaa kuzieleza, na kwa taarifa zote nilizopata aliwaonyesha vizuri. Jumapili usiku akaniandikia ujumbe mfupi kwamba hatakuja zamu ijayo wala ile inayofuata.

Nilikuwa mratibu wa wanaojitolea, kwa hiyo lawama ilinihusu mimi. Nakiri kwamba kwa siku mbili za kwanza nilikuwa na uhakika kosa si langu. Nilikuwa na ushahidi: barua pepe niliyoituma Alhamisi jioni, saa kumi na moja na dakika arobaini, kwa wote waliokuwa kwenye orodha, na jina lake limo.

Jumatatu nilikaa nikaisoma barua ile kana kwamba nimetumiwa mimi. Ilikuwa na kiambatisho cha kurasa nne. Aya ya kwanza ilikuwa shukrani za uongozi. Ya pili ilieleza jinsi kazi ya paa inavyokwenda. Ya tatu na ya nne zilihusu mfumo mpya wa kupooza hewa, ya tano ilikumbusha watu kuvaa beji. Aya ya sita, katikati ya sentensi inayoanza na mambo ya maegesho, ndipo palipoandikwa kwamba lifti ya kaskazini haitatumika "kuanzia Jumanne". Jumanne yenyewe ilikuwa imeshapita siku mbili. Mtu wa miaka sabini na kitu, aliyeshika simu ndogo, Ijumaa usiku akiandaa maelezo ya watoto wa darasa la nne, alitakiwa kuifikia aya ya sita. Mimi mwenyewe nisingeifikia.

Hapo nikaanza kuifuata habari ile nyuma, kutoka mlango uliozibwa hadi mahali ilipozaliwa.

Ilizaliwa Jumanne saa moja asubuhi, kwenye kikao cha ujenzi. Kikao hicho kilifanyika kila wiki na waliokaa walikuwa mkandarasi, msimamizi wa jengo, mkuu wa ulinzi, na mtaalamu wa uhifadhi aliyewakilisha kazi za sanaa. Mkandarasi alisema nyaya za lifti zinapita mahali anapotaka kutoboa, wakakubaliana izimwe siku ileile. Saa tatu mkuu wa ulinzi alikuwa amewaambia walinzi wake kwa mdomo, wakati wa kupanga zamu. Wafanya usafi walijua kabla ya saa nne kwa sababu ndoo zao hupanda kwa lifti hiyo. Muhtasari wa kikao uliandikwa Jumatano, ukanifikia Alhamisi mchana, nami nikauchambua na kuutia kwenye barua.

Kwa maneno mengine, kila aliyelipwa mshahara aliambiwa kwa mdomo siku hiyohiyo, na kila asiyelipwa aliandikiwa siku mbili baadaye. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, na ndiyo maana hakuna aliyeiona. Wengi wa wanaojitolea kwetu walikuwa na zamu moja kila baada ya wiki mbili. Katika jengo lililo kwenye ukarabati, wiki mbili ni muda mrefu mno. Mtu aliyeondoka Jumamosi akiijua ramani ya jengo anarudi Jumamosi ya pili na kukuta mapazia ya plastiki, mshale unaoelekea kwingine, na ukumbi aliouzoea umegeuzwa stoo ya masanduku.

Kitu kingine niligundua Jumatatu hiyo, na hiki kilinitisha kuliko yote. Nilitembea na mkuu wa ulinzi kwenye njia aliyopita Mwalimu, na tulipofika kwenye zile mbao nikaona kwamba zimefunika pia alama ya kijani inayoonyesha ngazi za kutokea wakati wa moto. Ngazi zenyewe zilikuwa wazi. Kilichofichwa ni alama tu. Walinzi walijua, na alama ya muda ilikuwa imeshaagizwa. Ila mwongoza wageni akiwa ghorofani na watoto 22, kengele ya moto ikalia, angetafuta alama ile kwa macho kwanza, kama alivyofundishwa. Tangu siku hiyo niliacha kuliona suala hili kama suala la adabu kwa wanaojitolea. Anayeongoza kundi ndani ya jengo anapaswa kuijua njia ya kutokea kabla hajalipokea kundi, na asiyeijua asipewe kundi.

Ili kisa kieleweke inabidi niseme kidogo kuhusu ukarabati wenyewe. Makumbusho ya sanaa yakitaka kutengeneza jengo huwa na njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kufunga kila kitu. MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, ilifanya hivyo mwaka 2019: ilifunga milango katikati ya mwezi Juni, ikafungua tena tarehe 21 Oktoba ikiwa imepanuliwa na kupangwa upya. Njia ya pili ni kufunga sehemu na kuacha sehemu wazi. Rijksmuseum ya Amsterdam ilifunga jengo lake kuu mwishoni mwa 2003, lakini ikaendelea kuonyesha kazi zake mashuhuri katika bawa moja dogo hadi karibu na mwisho wa kazi. Ilikuwa irudi 2008. Ilifunguliwa Aprili 2013. Miongoni mwa yaliyoichelewesha ni mabishano juu ya njia ya baiskeli inayopita chini ya jengo, maana waendesha baiskeli wa mji ule hawakukubali njia yao ibanwe.

Sisi tulichagua njia ya pili, kwa sababu za kawaida: shule zilishapanga safari zao na wafadhili wanapenda kuona taa zinawaka. Sikatai uamuzi huo. Ila njia ya pili ina gharama ambayo haikuandikwa kwenye bajeti yetu. Ukifunga kila kitu, unampa anayejitolea habari mbili tu, siku ya kufunga na siku ya kufungua. Ukifunga nusu, ramani ya jengo inabadilika kila wiki, na mtu wa kuieleza upya kwa kila anayeingia ni yuleyule anayejitolea. Tulikuwa tumetenga fedha za mbao, za utepe, za mabango ya "Samahani kwa usumbufu". Za saa za mtu mmoja wa kupeleka habari hatukutenga.

Sasa, kwa nini sikuwa kwenye kikao cha Jumanne? Jibu rahisi ni kwamba hakuna aliyenialika. Jibu lenyewe lina historia. Mwaka mmoja kabla, mwongoza wageni mmoja aliambiwa, kwa nia njema, kwamba tunatarajia kuazima mchoro fulani kutoka makumbusho mengine kwa ajili ya maonyesho yajayo. Akawaambia wageni wake, na mgeni mmoja akaandika kwenye mtandao. Siku tatu baadaye simu ikapigwa kutoka kwa wenye mchoro. Mkataba wa kuazima ulikuwa haujasainiwa, bima haijakamilika, na wao hawakutaka jina lao litajwe mpaka vyote viwe tayari. Kazi ya sanaa inayosafiri ni mali inayosafiri, na tarehe na njia zake hazitangazwi ovyo. Mchoro ulikuja hatimaye, lakini uongozi ulibaki na kovu. Uamuzi uliofuata haukuandikwa popote, ila ulifuatwa na wote: wanaojitolea waambiwe jambo likishathibitishwa kabisa.

Sera hiyo ina mantiki yake kwa mchoro wa kuazima. Kwa lifti haina hata chembe. Lakini mazoea hayachagui, na polepole kila habari ikatendewa kama siri ya mkataba. Msimamizi wa jengo, mtu mwangalifu na mkweli, aliniambia wazi nilipomwuliza: "Nikiwatajia tarehe wataishika. Ikibadilika, watasema tuliwadanganya." Nilimwelewa. Katika ujenzi tarehe ni makadirio, na kila mara unapovunja ukuta wa zamani unakuta kitu ambacho ramani haikukionyesha. Kosa lake, na langu pia kwa muda mrefu, lilikuwa kudhani kwamba kuna habari za aina mbili tu, zilizothibitishwa na zisizosemeka. Katikati ya hizo mbili kulikuwa na habari nyingi sana, na humo ndimo wanaojitolea wetu walimoishi kila zamu.

Pengo hilo halikukaa wazi. Lilijazwa na uvumi, na huo ulikuwa na ubunifu kuliko barua zangu. Mfano mmoja: tuliondoa michoro ya mafuta kutoka ukumbi ambao haukuwa kwenye ukarabati kabisa. Sababu ni kwamba ukuta wake ulipakana na upande uliokuwa ukitobolewa, na mtikisiko wa mashine hupita kwenye ukuta, ukaweza kulegeza rangi ya zamani iliyokwisha kuanza kubanduka au kuisumbua misumari inayobeba fremu. Ni tahadhari ya kawaida. Wanaojitolea walikuta kuta tupu, vibandiko vya majina bado vipo, na ndani ya wiki moja tukawa "tunauza mkusanyo ili kulipia paa". Wakati huohuo michoro ya rangi za maji iliteremshwa kwenye chumba kingine, nayo haikuhusiana na ujenzi hata kidogo. Kazi za karatasi huonyeshwa kwenye mwanga hafifu, kwa kawaida luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga), na baada ya miezi kadhaa hurudishwa gizani kupumzika, kwa sababu madhara ya mwanga hujilimbikiza na hayarekebishiki. Zamu yake ilikuwa imefika tu. Lakini nani angeamini, ukumbi wa jirani ukiwa mtupu? Mgeni mmoja alimwuliza bibi wa dawati la mapokezi, naye akajibu alichokisikia: "Nasikia vimeuzwa." Simlaumu. Hakuwa na jibu jingine.

Nilipoona hayo nilifanya ambacho nadhani waratibu wengi wangefanya: nikaanzisha kundi la WhatsApp. Lilidumu wiki tano. Wiki ya kwanza lilikuwa zuri. Wiki ya pili zilianza salamu za asubuhi, maua, dua, picha za wajukuu, pole kwa waliofiwa, na ujumbe wangu kuhusu mlango wa magharibi ukazama chini ya ujumbe 60 kabla ya saa sita mchana. Sitaki kulidharau kundi lile. Lilikuwa hai, na watu waliotengana kwa zamu walifahamiana humo. Lakini palikuwa mahali pa kukutania, si pa kupata taarifa, na vitu hivyo viwili havikai chungu kimoja. Kilichonifanya nilifunge kama njia ya kazi ni picha. Mtu mmoja, kwa furaha tu, alipiga picha masanduku ya mbao yaliyowasili mlango wa nyuma, lebo zikisomeka, akaituma kwa wote. Mkuu wa ulinzi aliiona kabla yangu. Tukaliacha kundi liendelee kama baraza la watu wenyewe, bila mimi, na bila picha za mlango wa nyuma.

Kitu kilichofanya kazi kilikuwa cha zamani zaidi. Ilikuwa karatasi moja, upande mmoja, juu ya dawati la mapokezi, iliyobadilishwa kila asubuhi. Nilipata kiti kwenye kikao cha Jumanne (niliomba kwa maandishi, nikataja ile alama ya kijani, na hakuna aliyepinga), na kila siku saa mbili na nusu nilimpigia mkuu wa ulinzi simu ya dakika tatu. Karatasi ilianza na yaliyofungwa leo na njia ya kuyazunguka, pamoja na njia za kutokea kama zimebadilika. Halafu kilichoondolewa ukutani na sababu yake kwa sentensi moja. Chini kabisa kulikuwa na jina la mtu mmoja wa kupigiwa siku hiyo. Nasisitiza jina la mtu, kwa sababu awali niliandika "wasiliana na ofisi" na simu haikupigwa hata mara moja.

Jambo lililoibadilisha karatasi hiyo kutoka tangazo hadi chombo cha kazi lilitokea kwa bahati. Asubuhi moja mashine ya kuchapa ilikuwa mbovu na nilikuwa nimeshachapa toleo la jana, nikaongeza kwa penseli pembeni: "Ukumbi wa 5 huenda ukafunguliwa kabla ya likizo ya shule." Mmoja wa waongoza wageni akaniuliza kama maandishi ya penseli nayo anaweza kuwaambia wageni. Nikasema hapana, hilo ni lako wewe, bado halijaamuliwa. Akatabasamu, akasema: "Basi endelea kutuandikia ya penseli."

Ikawa kanuni. Kilichochapwa kimethibitishwa, na mgeni aambiwe. Kilichoandikwa kwa penseli kinatarajiwa, ukijue wewe lakini usikiahidi. Mambo ya mikataba ya kuazima ambayo haijasainiwa hayakuandikwa hata kwa penseli, na hilo tuliwaeleza waziwazi, pamoja na kisa cha simu ile na sababu ya wenye mchoro kukasirika. Hapo nilijifunza kitu ambacho sera ya kimya isingenifundisha. Watu walikubali kwa urahisi kabisa kutoambiwa, mradi waambiwe kwamba kuna kitu hawaambiwi, na kwa nini. Katika miezi yote iliyofuata hakuna jambo la penseli lililovuja kwa kiwango cha kututia aibu. Msimamizi wa jengo alianza kunipa makadirio yake mwenyewe, kwanza kwa kusitasita, baadaye akiniambia, "Hii iandike penseli."

Mtihani mkubwa ulikuja na maonyesho ya kwanza katika bawa jipya. Tulikuwa tumekaribia. Kuta zilishapakwa, makabati ya kioo yalikuwa yamefungwa, tarehe ilikuwa kwenye kipande kilichochapwa, si cha penseli. Kisha mtaalamu wa uhifadhi akaja kwenye kikao na vipande vitatu vya metali kwenye mrija wa kioo, akasema tarehe haiwezekani.

Jaribio alilofanya linaitwa jaribio la Oddy, kwa jina la mwanasayansi wa British Museum aliyelibuni mwanzoni mwa miaka ya 1970. Unachukua kipande cha kitu unachotaka kukitumia karibu na kazi za sanaa, iwe ubao, gundi, kitambaa au rangi, unakifungia kwenye chombo cha kioo pamoja na unyevu kidogo na vipande vya metali, yaani fedha, shaba na risasi, kisha unakiacha kwenye joto la nyuzi 60 kwa siku 28. Kama metali zinabadilika rangi au kuota kutu, kitu hicho kinatoa mvuke unaoweza kuharibu vitu vitakavyofungiwa nacho. Kwetu kipande cha risasi kilikuwa kimeota unga mweupe. Ubao wa ndani ya makabati haukufaa. Kabati jipya linalong'aa lingeweza kuzila polepole sanamu ndogo zilizokusudiwa kulindwa humo.

Zamani tungeandika "maonyesho yameahirishwa kwa sababu za kiufundi". Naijua sentensi hiyo, nimeiandika mara nyingi, na naichukia. Haimwambii msomaji lolote isipokuwa kwamba hatakiwi kuuliza. Safari hii nilimwomba mtaalamu wa uhifadhi aje na mrija wake asubuhi ya Ijumaa, nusu saa kabla ya kufungua, na arudie Jumamosi kwa zamu nyingine. Hakuwa mzungumzaji. Aliushika mrija juu, akasema hiki ni safi, hiki ni chetu, tazameni tofauti. Watu waliusogelea kama wanavyousogelea mchoro. Mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi seremala aliuliza kama tatizo ni ubao wenyewe au gundi ya ndani yake, likawa swali bora kuliko yote niliyoyasikia kwenye kikao cha Jumanne.

Mwezi mzima uliofuata, wageni walipouliza kwa nini bawa jipya halijafunguliwa, walisimuliwa kisa cha vipande vitatu vya metali. Nilisimama pembeni siku moja nikasikiliza. Mwongoza wageni aliwasimamisha watu mbele ya pazia la plastiki, mahali ambapo hapakuwa na cha kuona kabisa, na aliwashika kwa dakika tano. Walipoondoka mmoja alisema atarudi kuona makabati hayo. Ucheleweshaji ulikuwa umegeuka sehemu ya ziara. Nikawafikiria waendesha baiskeli wa Amsterdam, na jinsi miaka mitano ya kuchelewa inavyovumilika zaidi ikiwa na kisa ndani yake.

Tulifanya hivyo tena sanduku za kuazima zilipofika. Wanaojitolea walikuwa wakiona masanduku yamewekwa ukumbini tangu jana na hakuna anayeyafungua, wakawa wanasema kazi imelala. Karatasi ikaeleza: masanduku hukaa yamefungwa kama saa 24 ili joto na unyevu wa ndani vilingane polepole na vya ukumbi, maana mbao na turubai zikipata badiliko la ghafla zinaweza kujikunja au kupasuka. Sentensi mbili, na manung'uniko yakaisha.

Si kila kitu kilikaa sawa. Wanne waliacha kabisa katika kipindi kile, na mmoja alinieleza sababu kwa maneno ambayo bado ninayo. Alisema mtu wa mshahara akikosa habari hukasirika, halafu mwisho wa mwezi unafika. Yeye hana mwisho wa mwezi. Anachokipata pale ni kuwa mtu wa ndani, mtu anayejua. Siku mgeni anapojua zaidi yake, amefanya kazi bure kwa maana mbaya ya neno hilo. Sikuwa na la kumjibu. Wengine walilalamika kwamba karatasi iko mapokezi tu, nao huandaa maelezo yao nyumbani siku moja kabla. Tukaanza kuisoma kwa sauti kwenye ujumbe wa simu wa dakika moja kila jioni kwa wenye zamu ya kesho. Hiyo ilisaidia wenye macho mazito kuliko nilivyotazamia. Ila ilinila muda, na kusema kweli kuna siku niliisahau.

Uongozi uliniuliza baadaye kama tunahitaji programu ya simu ya kupeleka taarifa. Nilisema labda, baadaye. Tatizo letu halikuwa chombo. Barua pepe yangu ilifika kwenye kila simu Alhamisi ile, na haikumsaidia mtu. Habari ilikuwa inazaliwa kwenye chumba ambacho hakuna aliyewafikiria wanaojitolea, inasafiri siku mbili, kisha inafika imefungwa ndani ya shukrani. Programu ingeifikisha habari hiyohiyo, imefungwa vilevile, kwa kasi zaidi.

Mwalimu nilimtembelea wiki ya pili baada ya tukio. Sikwenda kumwomba arudi. Nilikwenda kumwomba radhi, na kumweleza habari ya alama ya kijani, kwa sababu nilihisi ana haki ya kuijua. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza kama yule mtoto wa kiti cha magurudumu alipata kuona vyumba vya juu. Nikasema shule imepewa siku nyingine, lifti ikishawashwa. Akauliza siku gani. Nikasema siku yenyewe haijaamuliwa, nikaona uso wake ukilegea kidogo, nadhani kwa sababu nilisema hivyo bila kuzunguka.

Hakurudi kwenye zamu. Alikuja kama mgeni, bawa jipya lilipofunguliwa, akalipia tiketi yake ingawa nilimwambia apite. Aliporudi kutoka ghorofani alisimama mapokezi, akaichukua karatasi ya siku hiyo, akaisoma mstari kwa mstari. Palikuwa pameandikwa kwamba vyoo vya ghorofa ya pili viko wazi. Akaomba penseli kwa bibi wa dawati, akakata, akaandika pembeni kwa mwandiko wake wa ubaoni: "Vimefungwa, nimetoka huko sasa hivi." Akairudisha karatasi mahali pake, akaenda zake.